Tangu aanze dawa za akili hatulii: je, tuziache?

Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kwa ajili ya wasomaji wengine naieleza kwa kifupi kabla sijajibu.

Mdogo wako wa kiume ana miaka 22, anaendesha bodaboda hapo Morogoro. Alianza kusikia sauti za watu wakimsema, akaacha kulala, akawa anaamini abiria wake wametumwa kumwua. Hospitali walimchoma sindano ya kumtuliza, wakawaambia wanahofia ni skizofrenia, mkarudi naye nyumbani na haloperidoli, dawa ya kuzima sauti hizo, miligramu 10 asubuhi na 10 usiku, pamoja na Artane, ya kumkinga mwili usikakamazwe na haloperidoli. Haloperidoli mliipata. Artane duka la mtaani hawakuwa nayo, mkaona si neno, mtaitafuta mwisho wa mwezi. Siku ya tatu shingo yake ilipinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje. Majirani wakasema jini limempanda kichwani, mama akaita waombaji, na mwishowe zahanati wakamdunga sindano moja, na ndani ya nusu saa shingo ikarudi. Sasa ni wiki ya nne. Sauti zimepungua sana, lakini hatulii: anazunguka uani usiku kucha, akikaa anatikisa miguu, anasema anatamani auvue mwili wake kama shati. Vidonge amevikataa, mama anavisaga na kumtilia kwenye uji bila yeye kujua. Mjomba anasema dawa za hospitali zinamgeuza msukule na zikomeshwe leo. Unauliza: ni kweli dawa ndizo zinazomharibu? Tuziache?

Mengi uliyoyaandika yanatoka kwenye dawa kweli, na hapo mjomba hajakosea. Anakosea kwenye kuziacha. Kukatisha dawa nyumbani kutamtuliza miguu wiki hii na kumrudishia zile sauti baadaye. Mrudisheni kliniki sasa hivi, msisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, kwa sababu shida aliyonayo inatibika, na hakuna sababu hata moja ya yeye kuivumilia.

Tuanze na shingo. Jambo lile linaitwa distonia. Misuli inajikaza yenyewe, ya shingo, ya taya, ya macho, wakati mwingine ya mgongo mzima hadi mtu anajikunja kama upinde. Huja mara nyingi ndani ya siku nne au tano za mwanzo, au dozi inapopandishwa, na huwapata zaidi vijana wa kiume. Mdogo wako alikuwa na kila sifa ya kuipata: kijana, mwanaume, dozi kubwa, na ile dawa ya kumkinga haikuwapo. Nimeona watu wakiletwa na hali hii wakidhaniwa wana kifafa, wengine pepopunda, wengine wameshapigwa maji ya baraka mpaka nguo zimelowa. Simlaumu mama yako. Mtoto anayepinda shingo na kutoa ulimi huku macho yamegeuka, nani asiyemwita Mungu? Lakini angalieni kilichoiondoa: sindano moja, nusu saa. Kwa kawaida huwa ni promethazini au dawa ya jamii moja na Artane. Ikijirudia mpelekeni zahanati papo hapo na vidonge vyake mkononi, na akianza kushindwa kumeza au kuvuta pumzi kwa sauti ya mkoromo msitafute usafiri wa bei nafuu, kwa kuwa misuli ya koo nayo inaweza kujikaza.

Kwa nini dawa ya sauti ipinde shingo? Ndani ya ubongo kuna kemikali iitwayo dopamini inayopeleka ujumbe kutoka chembe moja hadi nyingine. Sehemu moja ya ubongo inaitumia kupima jambo lipi ni zito na lipi ni la kupita tu. Dopamini ikizidi hapo, kila kitu kinakuwa na uzito: abiria akikohoa ni ishara, redio ya jirani inamsema yeye. Sehemu nyingine inaitumia kuendesha mwili, ili mkono uinuke laini na shingo igeuke bila mtu kufikiri. Haloperidoli, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen, inaziba milango ambayo dopamini hupitia. Haina namna ya kuchagua mlango. Inaziba ule wa sauti na ule wa shingo pia.

Kulikuwa na wakati ambapo madaktari waliona kukakamaa huko ni dalili njema. Dawa ya kwanza ya aina hii, klopromazini, ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina la Largactil, ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952, na katika miaka iliyofuata wapo waliofundisha kwamba mgonjwa asipoanza kukaza mwili kidogo basi dawa haijamwingia. Fundisho hilo limekufa. Mwaka 2000 Shitij Kapur na wenzake huko Toronto walipiga picha za ubongo wa wagonjwa 22 waliokuwa kwenye shambulio la kwanza la ugonjwa huu, wakitumia haloperidoli kwa dozi ndogo, miligramu 1 au 2.5 kwa siku mwanzoni. Walikuta nafuu inaanza kuonekana milango ikizibwa kwa kiasi cha asilimia 65, na mwili unaanza kukakamaa ikivuka asilimia 78 hivi. Kati ya namba hizo mbili kuna nafasi, na kazi ya daktari ni kumweka mgonjwa humo.

Sasa jumlisha dozi ya mdogo wako: 10 na 10 ni 20 kwa siku. Kwa mtu anayetumia dawa hizi kwa mara ya kwanza maishani, hizo ni nyingi. Simsemi vibaya mwenzangu aliyemwona. Mgonjwa akiletwa usiku amefungwa kamba, akipigana na watu wanne, dozi huwekwa juu ili atulie asijeruhi wala kujeruhiwa, halafu hutakiwa kuteremshwa. Kinachotokea mara nyingi kwetu ni kwamba ile dozi ya usiku wa fujo ndiyo inayobaki kwenye cheti miezi sita. Mkifika kliniki, ulizeni kwa heshima na bila kuzunguka: “Daktari, dozi hii bado anaihitaji, au sasa inaweza kushushwa?” Swali hilo ni haki yenu, na daktari mwema hatalichukia. Msiishushe wenyewe kwa kuvunja vidonge.

Kutotulia ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi, na hapa nitakaa kidogo.

Inaitwa akathisia, neno lenye asili ya Kigiriki, maana yake kushindwa kuketi. Huanza siku chache au wiki chache baada ya dawa kuanza au kupandishwa. Mgonjwa anahisi kama wadudu wanatembea ndani ya mifupa ya miguu. Akisimama anahamisha uzito mguu huu na huu. Akitembea anapata nafuu kidogo, akikaa inarudi. Hawezi kula chakula akamaliza, hawezi kukaa msikitini au kanisani, hawezi kulala. Ubaya wake ni kwamba kwa anayetazama kwa nje inafanana na ugonjwa wenyewe. Ndugu wanaona kichaa kimezidi, daktari aliyechoka anaona vivyo hivyo, anapandisha dozi, na moto unamwagiwa petroli.

Mimi mwenyewe nililifanya kosa hilo. Nilikuwa daktari mchanga, wodi ina wagonjwa wengi kuliko vitanda, na binti mmoja alikuwa akizunguka korido tangu magharibi hadi alfajiri. Kitabu cha zamu kiliandikwa “anasumbua, hatii”. Nikapandisha haloperidoli. Siku ya pili alikuwa anajigonga ukutani. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekaribia kustaafu, akaketi naye akamwuliza swali moja tu: “Mwanangu, ni mawazo yanakukimbiza au ni miguu?” Binti akajibu, “Ni miguu, mama. Mawazo yametulia.” Tulishusha dozi, tukampa propranololi, na usiku wa tatu alilala. Ni miaka mingi sasa, na swali la yule mama nimeliuliza kwa kila mgonjwa anayezunguka.

Muulizeni mdogo wako hivyo hivyo. Akisema anazunguka kwa sababu kuna watu nje ya geti wanamtaka, huo ni ugonjwa. Akisema hajui kwa nini, hapendi, ila miguu haikubali, hiyo ni dawa. Kwa maelezo yako, sauti zimepungua huku miguu imechacha, mimi ningeweka uzito wangu kwenye dawa. Tiba yake ni kushusha dozi, au kubadilisha dawa, au kuongeza propranololi, ile ile ya presha na moyo. Waambieni kama ana pumu, maana mwenye pumu hapewi. Artane husaidia shingo na mikono inayotetemeka, lakini kwa hii ya miguu haifanyi kazi ya maana.

Kuna jambo moja la kufanya leo jioni kabla hata ya kliniki. Amesema anatamani kuuvua mwili wake. Mateso ya akathisia yamewahi kuwafikisha watu kwenye kujiua, hata watu ambao ugonjwa wao ulikuwa unapona. Kaa naye mahali penye utulivu umwulize waziwazi kama amewaza kufa au kujidhuru. Kumwuliza hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Mara nyingi kunampa pumzi. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, ondoeni vidonge, dawa za panya na za kupulizia mimea, kamba na visu karibu naye, na awe hospitalini siku hiyo hiyo, usiku hata kama ni wa manane.

Kuhusu neno la mjomba, msukule. Ninalisikia sana kliniki, na wanaolitumia wameona kitu cha kweli. Baada ya wiki kadhaa dawa hii inaweza kumfanya mtu uso usicheke wala usinune, mate yamtiririke, atembee kwa hatua fupi bila kurusha mikono, vidole vitetemeke. Ndugu wanasema huyu si yeye, amechukuliwa, kilichobaki ni kivuli. Hajachukuliwa na mtu. Ni ule mlango wa mwili uliozibwa kupita kiasi, na dozi ikishuka au dawa ikibadilishwa uso wake unarudi. Ipo nyingine ya kujihadhari nayo kwa miaka ya mbele: midomo na ulimi kuanza kuchezacheza vyenyewe kama mtu anayetafuna bigijii. Hiyo huja taratibu, baada ya miezi au miaka, ikikomaa inaweza isiondoke, na Artane inaweza kuizidisha. Mkiiona hata kwa mbali, semeni mapema.

Artane yenyewe isiwe kitu cha kununuliwa “mwisho wa mwezi” kwa mtu ambaye shingo imeshapinda mara moja. Lakini pia isiwe dawa ya maisha. Shirika la Afya Duniani halishauri kila anayepewa haloperidoli apewe na hii kwa mazoea. Hutolewa pale dalili zinapojitokeza, kwa muda mfupi, dozi ikirekebishwa. Inakausha mdomo, inafunga choo, inatia ukungu machoni, na kwa wazee inaweza kuleta wenge hadi mtu akapotea nyumbani kwake. Vijana wengine huitafuta kwa ajili ya kulewa. Ifungieni.

Hayo yote ni hoja za mjomba, na nimempa haki yake. Nisikilizeni sasa upande wa pili.

Mkiacha dawa leo, siku chache zijazo mtaona mabadiliko mazuri. Miguu itatulia, mate yatakauka, atacheka. Mjomba atasema, “Niliwaambia.” Hapo ndipo familia nyingi hudanganyika, kwa sababu dawa hutoka mwilini haraka kuliko ugonjwa unavyorudi. Usingizi utaanza kupungua. Atakuwa mkali kidogo, atafunga dirisha mchana, ataacha kula chakula alichopika mtu mwingine. Wiki kadhaa au miezi kadhaa baadaye mtakuwa pale pale mlipoanzia, na safari hii huenda dawa zikachelewa kufanya kazi kuliko mara ya kwanza. Madaktari wa New York waliowafuatilia watu waliokuwa na shambulio la kwanza, wakachapisha matokeo mwaka 1999, walikuta walioacha dawa walikuwa katika hatari ya kurudiwa karibu mara tano ya walioendelea. Kwa shambulio la kwanza, shauri la kawaida ni kuendelea angalau miezi 12 baada ya dalili kwisha, kisha kujaribu kupunguza polepole mkono kwa mkono na daktari. Ikiwa chanzo kilikuwa bangi au kitu kingine, hesabu inaweza kuwa tofauti.

Kwa hiyo mwambieni daktari ukweli kuhusu bangi na mirungi. Najua madereva wengi wa usiku hutafuna mirungi ili wasisinzie. Majani yale yana kemikali inayomwaga dopamini kwenye ubongo, yaani yanafungua kwa mkono mmoja milango ambayo dawa inaifunga kwa mkono mwingine. Akiendelea nayo, kila dozi itaonekana ndogo. Ulizeni pia kama alipimwa VVU na kaswende, kwa kuwa vyote viwili vinaweza kuvuruga akili na vina dawa zake. Na akiugua malaria, anayeandika dawa aambiwe anatumia haloperidoli, kwa sababu baadhi ya dawa za malaria zikikutana nayo zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Uji. Ninaelewa kabisa mama anakotoka, na ninamwomba aache. Mtu huyu ugonjwa wake ulimwambia kwamba watu wake wanataka kumwekea kitu. Siku atakayoona chembe nyeupe chini ya kikombe, ugonjwa utakuwa umepata shahidi. Isitoshe hamjui amemeza kiasi gani, kwa maana hakunywa uji wote. Mwambieni: tumejua kuwa miguu inakutesa, tumejua ni dawa, tunakwenda kuibadilisha. Nimeona waliokataa vidonge kwa miezi wakivikubali siku hiyo hiyo mtu alipoyaamini mateso yao.

Kubadilisha si bure. Risperidoni na olanzapini hukaza mwili kidogo kuliko haloperidoli, lakini hazipatikani kila kituo na bei yake hutofautiana. Olanzapini inaleta njaa na unene na kupandisha sukari, kwa hiyo akiwekwa kwenye hiyo apimwe uzito na sukari tangu siku ya kwanza. Risperidoni inaweza kuvimbisha matiti hata ya mwanaume na kumpunguzia nguvu za kiume. Vijana hawasemi hayo mbele ya dada zao, wanaacha dawa kimyakimya, kwa hiyo apewe nafasi ya kuongea na daktari peke yake. Kama watapendekeza sindano ya mwezi, Modecate, ombeni kwanza haya ya mwili yatulie kwa vidonge. Sindano ikishaingia haitolewi, na ikimkaza itamkaza wiki nyingi.

Kuna hali moja tu ambayo hamtampa dozi inayofuata hadi aonwe: akipata homa kali huku mwili umekuwa mgumu kama ubao, anatoka jasho, na maneno yake hayaeleweki. Inatokea kwa nadra na inaua. Kwetu huishia kuitwa malaria. Hata kipimo kikionyesha vimelea, msiridhike. Mpelekeni hospitali kubwa na kusema mlangoni kwamba anatumia haloperidoli.

Kwa wewe mwenyewe, uliandika mstari mmoja mwishoni, kama vile hauna uzito, kwamba ulipewa fluoksetini kwa ajili ya sonona ukaiacha siku ya tano kwa kichefuchefu. Kichefuchefu hicho kwa wengi huisha ndani ya wiki moja au mbili, na kunywa kidonge baada ya chakula cha asubuhi husaidia. Nafuu yenyewe huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, hivyo siku ya tano ulikuwa umelipa gharama yote bila kupokea bidhaa. Mtakapompeleka mdogo wako, na wewe ingia ukaonwe. Si ubinafsi.

Na swali la mwisho, lile alilokutuma yeye: lini atarudi kwenye pikipiki? Mwambie nimelisoma. Si sasa, kwa sababu dozi hiyo inasinziisha, miguu haimtii, na barabara ya Dodoma ina malori. Pikipiki ipewe ndugu aiendeshe kwa hesabu ya siku ili marejesho yasikwame. Akilala usiku wiki nne mfululizo, akikaa akamaliza sahani ya chakula bila kuinuka, mikono isitetemeke anapomimina chai, aende kliniki na swali hilo hilo, na nadhani wataanza kumruhusu safari fupi za mchana, bila abiria kwanza.